Kwenda Kuyaona Mashimo ya Mama

Safari hii ilianza kwa simu. Ilikuwa Jumanne, nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Ukunda nashona sare za shule, mama mdogo Mejumaa akanipigia kutoka Msambweni. Huyu ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja, na hawajasemezana kwa miaka ishirini na minne. Alinisalimu, akauliza hali za watoto, kisha akasema kwamba bamvua ya wiki hiyo, yale maji makubwa ya kila nusu mwezi, itakuwa kubwa, maji yatakupwa mpaka kwenye ukingo wa mwamba, na shule zimefungwa, basi kwa nini nisiwapeleke watoto wakaone nilikokulia. Hakuongeza neno. Nami nilibaki na simu mkononi nikijiuliza anataka nini.

Lazima nieleze kwanza ugomvi wenyewe, na nitajaribu kueleza kwa haki ingawa mimi ni mtoto wa upande mmoja. Pweza hukaa shimoni ndani ya mwamba. Shimo zuri halikai tupu. Ukimtoa mmoja leo, baada ya siku chache huhamia mwingine. Kwa wanawake wa kwetu wanaovua kwa miguu maji yakikupwa, shimo ni mali kama shamba. Bibi yetu alipozeeka aligawa mashimo yake, mama akapata tisa na mama mdogo saba, na kila mmoja alioneshwa yake peke yake. Halafu siku moja mama aliyakuta mashimo yake matupu, na kwenye lile la nne akamkuta mdogo wake ameinama, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, na pweza kikapuni. Akamwita mwizi mbele ya wanawake wote. Haikupita miezi miwili tukahamia Ukunda.

Hayo ndiyo niliyosimuliwa. Wakati huo nilikuwa na miaka saba.

Nilipomwambia mama habari ya simu, alikuwa mkekani anasuka ukili. Macho yake yameingia utando, husuka kwa vidole tu. Alisuka kama pima nzima kabla ya kusema. "Anataka yale mawili," akasema. Yaani kati ya mashimo yake tisa, mawili ya ukingoni kabisa hayakuguswa mwaka ule, na mtu mwingine anayeyajua ni mimi. Akaniagiza nisiyakaribie. Akaniagiza watoto wasile kitu katika nyumba ile. Na akanikumbusha ahadi niliyompa Ramadhani iliyopita, presha ilipomwangusha tukadhani hatapona: kwamba akifa, Mejumaa asipelekewe habari. Nilimwahidi, nimemshika mkono. Tangu siku hiyo ahadi ile imenikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Hao ni ndugu wawili waliobaki, hawana mwingine.

Nikamuuliza kama anataka nisiende. Akasema, "Nenda. Ukaniangalizie mwamba wangu."

Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba nilikwenda kwa ajili ya watoto peke yao. Ningekuwa nasema uongo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi, tuliondoka. Mume wangu, Hamisi, ana tuktuk, na siku hiyo hakupakia abiria ila sisi: mimi, Saumu wa miaka saba, na Athumani wa miaka minne. Mama alikuwa barazani anakula muhogo katika sahani yake ya maua ya buluu, ile ambayo hali katika nyingine. Nilipakia maji na mahamri ya kututosha wote mpaka jioni. Hamisi alikitazama kile kikapu, akaniuliza kama huko tuendako kuna njaa. Nikamwambia ni agizo la mama.

"Nyinyi mngefaa kazi ya upelelezi," akasema. "Mama mkuu wa kituo, na wewe koplo."

Saumu alikuwa na vifungo mfukoni. Mabaki ya vifungo vya wateja huwa nampa yeye, na siku hiyo alikuwa amechagua vyekundu. Nilimwona akivihesabu njiani, sikuvitilia maanani. Naandika hili kwa sababu lina kazi mbele.

Tulipofika Gazi, saa moja na nusu, Athumani akataka kushuka kukojoa. Hamisi akasimamisha kando ya barabara, upepo ukaleta harufu ya matope ya mikoko. Harufu hiyo ilinirudisha kwenye siku tuliyohama. Tulipanda lori la makuti, mimi na mama juu ya mzigo. Baba alikuwa ametuacha mwaka huohuo, na vyombo vyetu vilikuwa vichache. Mimi nilipakatishwa furushi la nguo, na ndani ya nguo sahani hiyohiyo ya maua ya buluu. Zamani zilikuwa mbili; moja ilivunjwa na kuku aliyerukia kabati, ndivyo ilivyojulikana nyumbani. Nakumbuka mama hakugeuza shingo hata mara moja tangu Msambweni mpaka Ukunda, na mimi nikaogopa kugeuza yangu.

Nilipokuwa mkubwa nilifikiri hakugeuka kwa uchungu. Asubuhi ile pale Gazi nikafikiri labda alikuwa hataki nimwone uso. Sijui. Mtu akikupa mgongo, utasoma nini?

Saa mbili na nusu tuliwasili. Tuliiacha lami pale Msambweni, tukashika njia ya mchanga iendayo pwani. Niliitambua nyumba kwa mfenesi wake, ingawa makuti ya paa yalikuwa mapya na palikuwa na tangi la maji ambalo zamani halikuwapo. Mama mdogo alitoka mlangoni akifunga leso. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mwenye jicho la hila. Nikamwona mama yangu, mfupi kidogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Mwanasiti. Karibuni. Mkwe, karibu." Akawatazama watoto mmoja mmoja. Athumani alimwamkia bila kusukumwa, jambo ambalo hata nyumbani huwa halitokei. Hilo nalo nililishuku.

Ndani alikuwa ametandika jamvi na kuweka mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Nikasema tumeshakula njiani. Nilisema hivyo huku Athumani ameshajaza mdomo. Nikasimama, sijui nimpokonye au nifanyeje, na Hamisi akawa anatazama dari kama mtu anayekagua makuti. Mama mdogo akasogea, akachota mbaazi katika sahani ileile ya mtoto, akala, akameza.

"Hamna kitu humu ila nazi," akasema, bila kunitazama.

Niliona haya. Nikaketi, nikala. Kwa haki niseme mbaazi zilikuwa nzuri kuliko zangu. Lakini niliendelea kufikiri: mtu asiye na jambo moyoni angejuaje kwamba namshuku? Nilipokuwa nawaza hivyo nilijiona mwerevu. Sasa ninapoandika naona kwamba mtu yeyote mwenye macho angejua, maana nilikalia kikapu cha mahamri kama kuku aliyeatamia.

Saa nne maji yalikuwa yamekupwa vizuri, tukashuka mwambani. Tuliwavalisha watoto viatu vya raba kwa ajili ya miiba. Bahari ilikuwa imejivuta mbali, na mwamba umebaki wazi, kijani hapa, kahawia pale, na vidimbwi vinang'aa katikati. Wanawake watano sita walikuwa wametangulia, vichwa chini, kila mmoja na mkonjo wake, ile fimbo yenye ncha. Hakuna aliyempungia mwenziwe mkono. Ndivyo ilivyo kazi ile. Ukimwona mtu anakwenda upande-upande kama mlevi, ujue anaficha njia ya shimo lake.

Mama mdogo alikwenda na Saumu mbele. Alimfundisha kutafuta maganda ya kaa yaliyorundikwa mdomoni mwa shimo, maana pweza hula ndani na kutupa taka nje, halafu huvuta vijiwe kujifungia mlango. Saumu alimuuliza kwa nini hafagii. Mama mdogo akasema angefagia tusingempata, kwa hiyo uchafu wake ndio riziki yetu. Akachokoa, akavuta, na pweza wa kwanza akatoka amemzunguka mkononi. Athumani alikimbilia nyuma ya Hamisi, na Hamisi, nitakuwa mkweli, akarudi nyuma hatua mbili.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilikuwa natazama macho ya mama mdogo yanakwenda wapi. Wakati huohuo miguu yangu ikawa inakumbuka yenyewe. Hatua arobaini kutoka kwenye jiwe lenye umbo la ng'ombe aliyelala, ugeuke kushoto mpaka kilele cha msikiti kikae sawa na mnara wa simu, uliosimama pale palipokuwa na mnazi mrefu. Hapo lipo shimo la kwanza. Mama hakuniruhusu kuonesha kwa kidole. Alinifundisha kusimama tu, nitazame, nipite. Nikasimama, nikatazama, nikapita. La pili nalo, la tatu nalo, na la nne, nikaishia hapo. Sikwenda kwenye yale mawili ya ukingoni, agizo nililishika. Nilidhani hakuna anayeniona, maana mama mdogo alikuwa mbele, na nyuma yangu alikuwa Saumu peke yake, aliyekuwa amechoka kumfuata bibi yake.

Jambo moja lilinitatiza. Mama mdogo alipita karibu sana na shimo la nne, lile la kesi, asigeuze kichwa. Ama hakulijua, ama alilijua mno. Nikaliandika kichwani kama ushahidi, ila sikujua niliweke upande gani.

Karibu saa tano na nusu maji yalianza kurudi. Tukageuka. Nilikuwa nimeinama namfunga Athumani kiatu, na nilipoinua kichwa nikamwona. Mama mdogo alikuwa ameinama juu ya shimo la nne la mama yangu, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko.

Kama nilivyosimuliwa, vilevile, sawasawa. Sikupiga kelele. Nilitembea mpaka pale, nikasimama juu yake, nikasema maneno ambayo nayaandika ili nisije nikayapunguza baadaye: "Kumbe mama alisema kweli. Umezeeka na wizi wako."

Hakuondoa mkono kwa haraka. Alihangaika kidogo kule ndani, akauvuta, akausuuza kidimbwini, kisha akaufungua kiganja mbele ya uso wangu. Kilikuwa kifungo chekundu.

"Hiki cha nani?" akauliza.

"Changu," Saumu akajibu nyuma yangu. "Nimekikwamisha pale ili nisisahau. Kila mama aliposimama akatazama chini, nimeweka kimoja."

Hapo mama mdogo akafungua pembe ya leso yake. Ndani mlikuwa na vifungo vingine vitatu vyekundu, vya shimo la kwanza, la pili na la tatu. Alikuwa amepita nyuma yetu, anaving'oa kimoja kimoja.

"Ukiacha alama mwambani, mwanangu, hukumbuki wewe peke yako," akamwambia Saumu. "Hukumbuka kila apitaye." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Yeye anaweka vifungo. Wewe uliweka vigae."

Nikaketi palepale kwenye maji. Maana vilinijia vyote kwa pamoja, kana kwamba vilikuwa vimekaa nyuma ya pazia. Sahani haikuvunjwa na kuku. Niliivunja mimi. Nilivificha vipande ndani ya gauni, na siku ya mwisho ya bamvua iliyotangulia ugomvi, mama aliponipeleka kunionesha mashimo, nilibaki nyuma nikakwamisha kigae kimoja katika ufa wa kila shimo, upande wa maua ukitazama juu. Nilidhani natengeneza mambo mawili kwa mara moja: navificha vigae, na nayakumbuka mashimo. Niliweka saba. Kwenye yale mawili ya ukingoni sikufika, niliogopa mawimbi; mama alinielekeza kwa mbali tu.

Watu wataniuliza nilisahauje jambo kama hilo. Nami najiuliza. Sina hakika kwamba nilisahau. Pengine nilikataa tu kutazama upande huo, kama mama juu ya lori.

Saa saba tulikuwa nyumbani kwake tena. Tulikula wali wa nazi na pweza, na safari hii sikungoja mtu aonje. Hamisi akawatoa watoto nje wakamwone akifua nazi, kazi asiyoijua, ili tubaki wawili. Mama mdogo akaingia chumbani, akarudi na mkebe wa majani ya chai ulioshika kutu. Akaumwaga jamvini. Vigae saba, maua ya buluu.

Alinisimulia kwa utulivu. Bamvua ilipoanza tena aliwahi mwambani kabla ya wenzake, akaona kitu cha buluu kinametameta, akaijua sahani ya dada yake. Alipoona cha pili na cha tatu akaelewa mtoto amefanya nini. Yeye mwenyewe hakuwa akiyajua mashimo yale kabla ya siku ile, akasema, na nimwamini au nisimwamini ni shauri langu. Baadhi yalikuwa tayari yameshapekuliwa, maana vijana wa miwani ya kuzamia walikuwa wakipita huku kila siku. Akaving'oa vigae kimoja kimoja, akabakiza cha shimo la nne, kilichokuwa kimetumbukia ndani. Ndipo dada yake alipomkuta.

Nikamuuliza na yule pweza kikapuni je. Nilitaka aseme alimtoa kwenye shimo lake mwenyewe. Ingekuwa rahisi.

"Alikuwa wa dada," akasema. "Mkono ulikuwa ndani, naye akanishika. Nyumbani hapakuwa na kitu. Nikamchukua. Mmoja."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mambo ya vigae siku ileile. Akasema mama yangu wakati ule alikuwa na mkono mzito, baba yangu ametoka kuondoka, na angejua, angenipiga mara mbili: ya sahani na ya mashimo. Alidhani hasira ya dada itapita na bamvua hiyo, kisha atamwambia taratibu. "Lakini aliponiita mwizi mbele za watu, nami nikamjibu. Nilimwambia ndiyo maana mume amekukimbia. Hilo mama yako hakukusimulia?"

Hakunisimulia. Miaka yote hiyo, sijalisikia hata mara moja.

"Basi lile ndilo lililofunga mlango," akasema. "Pweza ni kisingizio."

Nilikuwa bado na swali, na tabia yangu hainiruhusu kulala na swali. Nikamuuliza kwa nini amenipigia simu mwaka huu na si mwaka mwingine wowote. Akaanza kuvirudisha vigae mkebeni. Akasema alisikia dada yake alianguka Ramadhani, na alilisikia kwa mchuuzi wa samaki sokoni, hakulisikia kwangu. Akasema amekaa na jambo hilo tangu wakati ule. Kisha akaniuliza, "Akifa, utaniambia?"

Nilitazama jamvi. Alinitazama mpaka akaelewa, akafunga mfuniko wa mkebe.

"Haya," akasema. "Nilitaka kujua tu."

Aliupeleka ule mkebe mpaka kwenye tuktuk mwenyewe, akauweka kwenye kikapu, juu ya mahamri yetu ambayo hakuna aliyeyagusa.

Saa kumi tulianza kurudi. Miwa ya kandokando ya barabara ilikuwa inayumba, watoto wamelala, Athumani bado ananuka bahari. Hamisi, aliyekuwa amesikia karibu yote dirishani, akaniuliza sasa koplo anamshuku nani. Katika orodha yangu alikuwa amebaki mmoja tu.

Niseme lakini kwamba shaka haikunitoka yote, na sitaki kujifanya ilinitoka. Mtu anaweza kuweka vigae miaka ishirini na minne kwa mapenzi, na anaweza kuviweka kwa kinyongo, ili siku moja aviweke mbele ya mtu. Mimi sikuwa na kipimo cha kujua. Kitu nilichokuwa na hakika nacho ni mkono wangu mwenyewe ukikwamisha kigae ufani. Hicho nilikiona wazi, mpaka na kovu la kidole kilichokatwa na kigae. Kovu bado ninalo. Nilikuwa nikiwaambia watu ni la sindano.

Saa kumi na moja na nusu tuliingia Ukunda. Mama alikuwa palepale mkekani. Swali lake la kwanza lilikuwa kama watoto wamekula kule. Nikasema wamekula, nami nimekula. Akafyonza. Nikaketi mbele yake nikamweleza tangu mwanzo, sikuruka kitu: mbaazi, vifungo, maneno yangu mabaya kule mwambani, sahani, vigae, vijana wa miwani, na pweza mmoja. Nilipofika kwa pweza nilitamani kumruka, kwa kuwa nilijua mama atamdaka yeye aache mengine yote. Nikamtaja.

Mama aliomba mkebe. Alivitoa vigae akavipanga mkekani kwa vidole, ukingo kwa ukingo, kama anavyounganisha ukili. Akamtuma Saumu amletee sahani yake. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa sahani, kisha kwenye ukingo wa vigae, akarudia tena. Pembeni palibaki pengo dogo, kipande ambacho sijui kilikwenda wapi.

"Ulisema kuku," akasema.

"Nilisema kuku."

"Nami nilimchinja."

Hapo Hamisi akatoka nje, nikasikia anacheka au anakohoa. Mama hakucheka. Mikono yake ilitulia juu ya maua. Nilingoja anitukane, na ningeona ni haki yangu. Badala yake akauliza:

"Amekwambia neno alilonambia siku ile?"

"Amenambia."

"Amelisema kama lilivyo, au amelipunguza?"

Nikalirudia mbele yake, neno kwa neno. Haikuwa kazi nyepesi kumtamkia mama yangu maneno yale. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Hakulipunguza," akasema. Na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sijaiona tangu udogo wangu.

Nikapata ujasiri, nikamuuliza ile ahadi tufanyeje, nami nimeulizwa leo nikakosa jibu.

"Ahadi ile ni ya maiti," akasema, akivirudisha vigae mkebeni kimoja kimoja. "Mimi ni mzima. Mpigie. Mwambie ana pweza wangu mmoja, amlete mwenyewe, asimpe mchuuzi."

Nimeandika haya nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja. Mimi niliishia darasa la saba, na kama kuna mahali nimempunja mmoja nikampendelea mwingine, nisahihishwe. Nilikwenda Msambweni kuangalia mkono wa mtu mwingine unaingia wapi, na nilichojifunza ni kwamba sikuwahi kuutazama wangu. Simu nimepiga. Bamvua ijayo iko siku kumi na mbili mbele. Mama amesema sahani yake isioshwe kwa mchanga, maua yasifutike, na amenituma nikanunue nyingine, ya kumkaribishia mgeni. Nimeipata sokoni. Maua yake ni mekundu, na Saumu ameshaonywa asiiguse.